Mgeni wa Łódź Ambaye Hajapewa Jembe

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha Tanzania. Kwetu ni Tengeru, mkoani Arusha, ambako mama yangu huuza mboga sokoni na ambako nimezaliwa, nimesoma na nimepata kipaimara. Tangu mwishoni mwa Septemba niko Polandi, katika mji wa Łódź, kwa muhula mmoja wa programu ya kubadilishana wanafunzi, na ninakuandikia usiku huu wa mwisho wa Novemba kwa sababu nimefika mahali ambapo sijui tena kama ninasoma au ninahesabu siku tu.

Nilipopata nafasi hii, furaha haikuwa ya nyumbani kwetu peke yake. Ufadhili unanilipa posho ya kila mwezi, lakini fedha za mwanzo, yaani za safari ya kuombea viza, bima, koti na viatu vya baridi, zilichangwa na ukoo, na kwaya ya usharika wetu, na akina mama wenzake mama pale sokoni, kila mmoja akitoa alichokuwa nacho. Siku ya kuniaga mchungaji aliniombea mbele ya usharika mzima. Ndiyo maana mpaka leo sijathubutu kumwambia mtu yeyote nyumbani kwamba mambo hayaendi. Kila Jumapili ninatoka, ninasimama kwenye mtaa wa Piotrkowska penye taa nzuri, ninampigia mama simu ya video, ninacheka, ninamwonyesha majumba na watu wanaopita. Kisha ninakata simu, ninarudi chumbani, ninalia.

Upande wa masomo ni hivi. Katika kozi tano nilizochagua nikiwa nyumbani, mbili hazikufunguliwa muhula huu, na ya tatu, ambayo kwenye orodha iliandikwa kwamba hufundishwa kwa Kiingereza, inafundishwa kwa Kipolandi, kwa kuwa wageni darasani tuko wawili tu. Mwalimu wa kozi hiyo alituambia tusome kitabu wenyewe kisha tuje kwenye mtihani. Nilinyamaza, nikidhani kwamba mambo yatajirekebisha, na sasa ni wiki ya nane bado nimenyamaza. Nikirudi na kozi pungufu sijui chuo changu kitanielewaje, wala sijui nitawaambia nini walionichangia.

Ninaishi hosteli, chumba kimoja na msichana wa Kipolandi. Si mtu mbaya hata kidogo, lakini maneno yetu kwa wiki nzima hayafiki ishirini, na kila Ijumaa mchana hufunga begi akaenda kwao, asirudi hadi Jumapili usiku. Wanafunzi wengine wa kubadilishana, wengi wao kutoka Hispania, Italia na Uturuki, wananialika kwenye sherehe zao, lakini sherehe zenyewe ni za kunywa hadi alfajiri, nami si mnywaji. Tarehe 1 Novemba hosteli nzima ilikuwa tupu. Maduka yalikuwa yamefungwa nami sikuwa nimejua, kwa hiyo nilishinda na mkate na chai, nikawa ninaangalia dirishani watu wakipita kwa mamia, wamebeba maua na taa ndogo za mshumaa, baba, mama na watoto, wote wakielekea upande mmoja. Sikujua wanakwenda wapi na sikuwa na wa kumuuliza. Siku hiyo ndiyo niliyojiona kwamba sipo.

Halafu likatokea jambo jingine. Wiki mbili zilizopita, nikisubiri tramu jioni, mwanamume mmoja alinijia karibu na uso akanifokea maneno ambayo sikuyaelewa yote, isipokuwa lile la rangi yangu. Watu watano walikuwa kituoni. Wote waliangalia chini. Tangu siku hiyo sitoki giza likiingia, na hapa giza linaingia kabla sijamaliza vipindi.

Kanisani pia nimejaribu. Sisi ni Walutheri, lakini kanisa la karibu na hosteli ni la Kikatoliki. Nimekwenda mara mbili, nikawa sijui lini nisimame na lini nipige magoti, nikaacha.

Mwalimu, ninaomba unishauri. Je, nivunje muhula nirudi nyumbani kabla ya Krismasi, au nivumilie hadi mitihani ya Februari? Nikivumilia, nifanye nini ili isiwe kuvumilia tu? Na mama nimwambie nini?

Wako,
Mgeni wa Łódź

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na baada ya hapo nilikwenda kuitafuta picha yangu moja ya zamani, kwa maana mji unaoueleza niliwahi kuishi. Nilifika Łódź Septemba 1986 kujifunza lugha katika shule ya Kipolandi ya chuo kikuu cha pale, ambayo tangu mwaka 1952 imekuwa ikiwapokea vijana wa mataifa mbalimbali, wakiwamo Waafrika wengi, kabla hawajasambazwa katika vyuo vingine vya nchi ile. Wakati huo nyama ilinunuliwa kwa kuponi, na Januari 1987 baridi ilishuka kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini ninachokikumbuka kuliko baridi na kuponi ni akina mama waliokuwa wakitoka zamu ya usiku katika viwanda vya nguo, wamejaa ndani ya tramu alfajiri, nyuso zimekaza, hakuna anayesema neno, nami nimeketi katikati yao nikiamini kwamba wote wananichukia. Ilinichukua hadi mwezi wa pili kutambua kwamba walikuwa wamechoka. Viwanda vile vilikufa baada ya 1989, kimoja kikubwa kati yake kikageuzwa kuwa jumba la maduka la Manufaktura, na mji ukapungukiwa na watu wengi sana. Lakini ule ukimya wa ndani ya tramu, kwa jinsi unavyoueleza, naona haujahama.

Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka. Usirudi kabla ya Krismasi, na usikate shauri lolote kubwa katika majira ambayo jua linatua saa tisa na nusu alasiri. Ninaweka sharti moja tu. Ikiwa usingizi umekutoka kwa wiki kadhaa, ikiwa huwezi kula, au ikiwa mawazo ya kutotaka kuishi yamekujia hata mara moja, hapo hatuzungumzii tena masomo: nenda kwa daktari kesho, bima uliyochangiwa ni ya kazi hiyo, mwambie mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa akusindikize, na ukishauriwa kurudi nyumbani urudi bila aibu yoyote. Kama hali haijafika huko, basi nisikilize.

Nitaanza na makaratasi, kwa sababu hayo hayasubiri. Yale makubaliano ya masomo uliyoondoka nayo yana saini tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kilichokupokea. Maana yake ni kwamba kozi isipofunguliwa, au ikifundishwa kwa lugha tofauti na ile iliyoandikwa, kosa si lako, na kuomba ibadilishwe si kuomba hisani. Karatasi yenyewe ina sehemu iliyotengwa kwa mabadiliko hayo. Muhula mmoja kamili huhesabiwa kwa alama 30 za ECTS, yaani mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kupima uzito wa kozi, na kila alama moja inachukuliwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, kwa hiyo kozi tatu zikiyumba, sehemu kubwa ya muhula wako imeyumba, na mratibu wako wa nyumbani ana haki ya kujua hilo sasa, si Machi. Andika leo barua pepe moja kwa waratibu wote wawili, wa kule na wa huku, yenye ukurasa mmoja tu: kozi gani haikufunguliwa, ipi inafundishwa kwa Kipolandi, uliambiwa nini, na unaomba nini. Muda wa kawaida wa kubadilisha huenda umekwisha, lakini ombi lenye sababu zilizoandikwa wazi huwa lina pa kufikia, na ombi ambalo halijaandikwa halipo.

Kisha nenda kwa yule mwalimu. Walimu wa vyuo vya Polandi hutenga saa za kila wiki za kuonana na wanafunzi, nazo hutangazwa. Huhitaji kumvizia kwenye korido. Nenda pamoja na yule mgeni mwenzako, muulize ni sura zipi za kitabu, mtihani utakuwa kwa lugha gani na wa namna gani, na kama mnaweza kuandika kazi ya nyumbani kwa Kiingereza badala yake. Ukumbuke pia kwamba kule alama zinaanzia 2, ambayo ni kushindwa, hadi 5, na kwamba 3 ni kufaulu. Na anayekwama katika mitihani ya mwanzo kwa kawaida hupewa nafasi ya kurudia kabla muhula mpya haujaanza. Mwanangu, katika barua yako yote kosa nililoliona ni moja, nalo ni kunyamaza wiki nane, na hata hilo ninajua lilikotoka. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba mwanafunzi mwenye adabu hamsumbui mwalimu. Kule mwanafunzi asiyeuliza huhesabiwa kuwa ameelewa.

Na hapo ndipo ninapotaka nikae kidogo, kwa sababu naona ndiko liliko fundo la mambo yote uliyoandika. Wazee wetu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huuchukua usemi huu kama onyo kwa mgeni mvivu, nami zamani niliuchukua hivyo hivyo, lakini ukiugeuza utaona ulivyo na huruma ndani yake: mgeni akipewa jembe ameingizwa shambani, ana mstari wake wa kulima, ana watu kulia na kushoto kwake, na jioni anarudi nao amechoka kama wao. Wewe una miezi miwili pale na hakuna aliyekupa jembe. Na hakuna atakayekupa, si kwa ubaya, bali kwa sababu desturi yao haianzi upande huo. Kwetu mwenyeji ndiye anayetangulia: karibu, karibu ndani, karibu chakula. Mpolandi hutangulia kunyamaza, akichelea kukuingilia katika mambo yako, na huko kunyamaza anakuona ndiko kukuheshimu. Anayeingia ndiye husema kwanza. Ukiingia dukani, kwenye lifti ya hosteli, hata kwenye chumba cha kungojea daktari, ni wewe mwingiaji unayesema „dzień dobry“, yaani siku njema, na wote waliokaa kimya watakuitikia, ukitoka unaaga. Ni hodi ile ile ya kwetu, ila kwao mwenyeji hana haraka ya kusema karibu. Mtu mzima mwite Pan akiwa mwanamume na Pani akiwa mwanamke, wala usimtaje kwa jina tupu, nawe mtoto wa watu wa shikamoo hilo halitakupa tabu.

Sasa nikuambie walikokuwa wakienda wale watu wa dirishani. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote, na siku hiyo Polandi nzima husafiri kwenda makaburini. Hata mwenzako wa chumbani naamini alikuwa huko, kwenye kaburi la babu au bibi yake. Husafisha makaburi, huweka maua, na kuwasha taa za mshumaa ndani ya vikombe vya kioo, maelfu kwa maelfu, hata usiku unapoingia makaburi yote yanang'aa. Watu hawazuiwi kuingia kwa dini wala kwa taifa. Makaburi ya zamani ya Łódź, yale ya mtaa wa Ogrodowa, yana sehemu ya Wakatoliki, sehemu ya Walutheri na sehemu ya Waorthodoksi, upande kwa upande, kwa kuwa mji ule ulijengwa na watu wa namna nyingi: Wapolandi, Wajerumani, Wayahudi na Warusi, waliokuja kufuata pamba na viwanda katika karne ya 19. Wengi kati ya hao walikuwa wageni kama wewe.

Na wewe, kati ya wanafunzi wote wa kigeni walioko Łódź muhula huu, unatoka Tengeru. Sijui kama umelipima jambo hili. Pale kwenu, katika eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi, na naamini umeyapita tangu utotoni. Waliozikwa pale walichukuliwa na Wasovyeti kutoka mashariki ya nchi yao mwaka 1940 na 1941 wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa walitoka kwa kupitia Iran, na kuanzia 1942 meli zikawa zinawashusha kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kambi zilikuwa nyingi, Ifunda, Kidugala, Kondoa, na kwa upande wa Uganda Masindi na Koja, lakini kubwa kupita zote ilikuwa ya Tengeru, yenye watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Waliishi katika nyumba za mviringo zilizoezekwa nyasi chini ya Mlima Meru, wakawa na kanisa lao, shule zao na hospitali yao, na wapo watoto waliokulia pale mpaka wakawa watu wazima, kisha Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha wengi hawakuweza kurudi makwao, wakatawanyika kwenda Uingereza, Kanada na Australia. Wale mama walifika wamechoka na wenye njaa, hawajui neno hata moja la Kiswahili, kwenye nchi ambayo hawakuichagua.

Kwa hiyo mwenzako wa chumbani akirudi Jumapili hii, usimngoje aseme. Chemsha chai, umwombe akae, umwambie hivi: ninatoka mahali ambapo watu wa kwenu wamezikwa, ngoja nikuonyeshe picha. Mwombe mama au mdogo wako aipige na kukutumia. Wapolandi wengi hawaijui habari ya Tengeru, na wengine wanaijua kwa kusimuliwa na bibi zao, lakini sijapata kumwona Mpolandi aliyeisikia akabaki vile vile alivyokuwa. Nina hakika maneno yenu usiku huo yatapita ishirini.

Majembe mengine yapo, nami nitakutajia yale yanayokufaa wewe, binti wa muuza mboga na mwanakwaya. Jumamosi asubuhi nenda Bałucki Rynek. Ni soko hasa, lenye viazi, vitunguu, uyoga na kabichi iliyochachushwa, na akina mama wanaouza pale wanavaa vitambaa na makoti mazito lakini mikono yao ni ya mama yako. Kata shauri kwamba kila Jumamosi utanunua kwa mtu yule yule, kwa Kipolandi, hata kama ni nusu kilo ya vitunguu. Wiki ya tatu atakujua, wiki ya nne atakuuliza unatoka wapi. Pale pale utapata jarmuż, ambayo kwa macho na kwa ulimi wako utaitambua kuwa jamaa wa sukuma wiki, na madukani kuna unga wa mahindi wa njano, mąka kukurydziana, unaosonga ugali wa kutosha kuituliza roho. Nunua mapema, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 2018 maduka makubwa hufungwa karibu kila Jumapili, na siku za sikukuu hufungwa yote isipokuwa machache madogo. Ule mkate na chai wa 1 Novemba usikupate tena.

Kuhusu ibada, umepotea njia kwa kukosa wa kukuelekeza tu. Kwenye mtaa huo huo wa Piotrkowska unaosimama kumpigia mama simu, ukiteremka kusini, liko kanisa kubwa la Kilutheri la Mtakatifu Mateo, ambalo ujenzi wake ulianza 1909 na kumalizika 1928, lenye kinanda cha mabomba kinachosifiwa. Liturujia itakuwa ya Kipolandi, lakini mpangilio wake utaufuata, na baadhi ya tenzi utazijua kwa sauti kabla hujazijua kwa maneno. Usikae benchi la nyuma na kuondoka. Baada ya ibada mwendee mchungaji, umwambie wewe ni Mlutheri wa Meru na uliimba kwaya.

Liko pia jembe ambalo wewe unalo mkononi na wengine wanalihitaji. Katika Chuo Kikuu cha Warszawa, ambako treni ya kutoka Łódź hufika kwa takriban saa moja na nusu, Kiswahili kinafundishwa kwa miaka mingi. Marehemu Rajmund Ohly, Mpolandi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam na kuandika sana juu ya fasihi yetu, alikuwa mtu wa jadi hiyo. Waandikie, uwaambie uko jirani hadi Februari na ungependa kuzungumza na wanafunzi wao, wewe uwape Kiswahili nao wakupe Kipolandi. Mtu anayetafutwa kwa ajili ya lugha ya mama yake hukaa tofauti kwenye kiti cha tramu.

Sasa lile la kituoni. Sitakuambia usahau wala upuuze, kwa sababu ni ubaya, na ubaya ule si wa kuupatia tafsiri. Kutazamwa na kufokewa ni vitu viwili: anayekutazama mara nyingi hajawahi kumwona mtu wa rangi yako kwa karibu, na „dzień dobry“ humwamsha, anayekufokea amekusudia. Likitokea tena ondoka usogee penye watu na mwanga, panda tramu yoyote inayokuja, na ukiona hatari piga 112, namba ya dharura. Hili lililotokea liandike, tarehe, saa na kituo, ulipeleke kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na uombe wakusaidie kuliripoti polisi. Huenda mtu yule asipatikane, lakini chuo kikishajua hakiwezi kusema hakikujua. Wale watano walioangalia chini wameniuma kuliko yule mmoja, nami sitawatetea. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mji wenyewe si yule mtu: John Godson, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa diwani pale Łódź, akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika bunge la Polandi mwaka 2010, na mwaka 2011 wapigakura wa Łódź wakamchagua kwa kura zao.

Juu ya giza nina machache. Toka nje kila siku saa sita mchana, hata mawingu yakiwa yametanda, hata kwa nusu saa. Muulize mfamasia vitamini D, ambayo wenyeji wenyewe huimeza majira haya. Na panga marafiki wa kutembea nao jioni kutoka kwenye vipindi, badala ya kujifungia. Wale vijana wa Kihispania na Kituruki usiwaache wote kwa sababu ya pombe. Waalike wewe, saa za mchana, kwenye wali wa nazi au chapati, utaona wangapi kati yao wamechoka na sherehe na hawakuwa na pa kwenda.

Krismasi ndiyo inayokutisha, nami naielewa hofu hiyo, kwa sababu hosteli itakuwa tupu kuliko ulivyoiona. Usiku wa 24 Desemba Wapolandi hula chakula cha Wigilia: hungoja nyota ya kwanza, huvunjiana kipande cha mkate mwembamba kama wa komunyo, kila mtu akimtakia mwenzake mema, kisha hula vyakula 12 visivyo na nyama. Mezani huachwa sahani moja na kiti kimoja bila mtu, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Mimi niliwahi kukikalia kiti hicho, Desemba 1986, katika nyumba ya mfumaji mmoja mjane, na nilikikalia kwa sababu mwalimu wangu wa lugha alinisukuma niseme kwamba sina pa kwenda. Nawe sema. Mwambie mwenzako wa chumbani, mwambie mchungaji, mwambie yule mama wa vitunguu, mapema mwezi huu, kwa maneno mepesi: Krismasi nitakuwa peke yangu. Ukialikwa, vua viatu mlangoni kama unavyofanya nyumba za pwani, na maua utakayopeleka yawe ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa kuwa ya idadi shufwa ni ya msibani.

Limebaki la mama. Mama ambaye amekaa sokoni miaka yote hiyo akisoma nyuso za wateja kabla hawajafungua kinywa, unadhani anaziamini taa za Piotrkowska? Naona anakusubiri. Walionichangia, unasema; lakini akina mama wa sokoni hawakuchangia kicheko, walichangia wewe usome na urudi salama, na anayejua ukweli anaweza kukuombea kwa jina la jambo lenyewe. Usimpelekee kilio kitupu: mwambie kozi mbili hazikufunguliwa na umewaandikia waratibu, mwambie mtu alikufokea na umeripoti, mwambie unaogopa Krismasi na unatafuta pa kuila, halafu umwombe ile picha ya makaburi. Majira haya Tengeru iko mbele yenu kwa saa mbili, kwa hiyo kwako ikiwa saa kumi na mbili jioni kwake ni saa mbili usiku, amekwisha kufunga meza yake na kula. Mpigie leo, usingoje Jumapili, na umpigie ukiwa umeketi pale pale kitandani kwako.